Kingamwili Zinazougeukia Mwili: Zinazaliwaje, na Kwa Nini Huachwa Zikaishi

Mwaka 1950, daktari kijana wa Marekani aitwaye William Harrington alikubali kutiwa mwilini damu ya mgonjwa. Mgonjwa huyo alikuwa na maradhi yanayomaliza chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, na Harrington alitaka kujua kama kinachoziangamiza kimo ndani ya damu yenyewe au kama ni uboho tu unaoshindwa kuzitengeneza. Hakungoja sana. Ndani ya saa chache chembe sahani zake mwenyewe zilikuwa karibu zote zimetoweka, damu ikaanza kuvilia chini ya ngozi yake, na zikapita siku kadhaa kabla hali yake haijarejea kuwa ya kawaida. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeliruhusu jaribio kama hilo, lakini jibu lake lilikuwa bayana: kilichokuwa kikiziangamiza chembe kilikuwa kikielea katika damu na kiliweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Baadaye ilithibitika kwamba kitu hicho ni kingamwili, yaani protini za jamii ileile ambayo mwili huiunda ili kuwanasa bakteria na virusi, ila hizi zilikuwa zimezilenga chembe za mwili uliozizaa.

Kingamwili za namna hiyo ndizo zinazohusika katika lupasi, ugonjwa unaoweza kushambulia ngozi, viungo na figo, katika baridi yabisi, katika baadhi ya magonjwa ya tezi dundumio, katika maradhi ya kulegea kwa misuli yaitwayo miastenia, na katika magonjwa mengine mengi ya mwili kujishambulia. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba kinga imekosea, kama askari aliyechanganyikiwa akamfyatulia risasi mwenzake. Picha hiyo hukumbukika kwa urahisi, lakini hupotosha mahali palepale penye uzito, kwa sababu inatufanya tuamini kwamba kuziunda kingamwili hizi ni tukio la nadra. Kwa kweli seli zenye uwezo wa kuziunda huzaliwa kila siku katika uboho wa kila mtu, mzima na mgonjwa. Lililo nadra ni seli hizo kuvuka malango yote yaliyowekwa mbele yake, na ndiyo maana swali lenye manufaa zaidi si kwa nini mwili umezizaa, bali ni nani aliyezifungulia.

Sayansi yenyewe ilichelewa kulikubali jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, Paul Ehrlich wa Ujerumani na wenzake waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine, wakaona kwamba mbuzi huunda kingamwili dhidi ya chembe nyekundu za wenzao lakini si dhidi ya chembe zao wenyewe. Ehrlich alihitimisha kwamba mwili una hofu ya asili ya kujitia sumu. Mwaka 1904 tu, Julius Donath na Karl Landsteiner, waliokuwa Vienna, walieleza habari za wagonjwa ambao chembe zao nyekundu hupasuka baada ya kupigwa na baridi, kwa sababu damu yao ina kitu kinachozishika chembe hizohizo. Ushahidi huo ulikuwepo, lakini kauli ya Ehrlich ilikuwa na nguvu kuliko alivyokusudia, na miongo kadhaa ikapita. Ni mwaka 1956 ndipo kundi la watafiti wa London lilipoonyesha kingamwili dhidi ya protini ya tezi dundumio katika damu ya wagonjwa wa Hashimoto, maradhi yanayoiharibu tezi hiyo, na katika mwaka huohuo Noel Rose na Ernest Witebsky wakachapisha majaribio yao ya Marekani, ambamo sungura waliodungwa kiowevu cha tezi hiyo waliharibikiwa na tezi zao wenyewe.

Ili kuelewa kwa nini hofu ya asili haipo, ni lazima kuangalia namna kingamwili inavyobuniwa. Mwili hauna jeni moja kwa kila kingamwili, kwa sababu wadudu wa maradhi ni wengi mno na hujibadili kila uchao. Badala yake, kila seli B, yaani chembe nyeupe ya damu ya aina inayounda kingamwili, inapokuwa changa ndani ya uboho huchukua vipande vya jeni kutoka katika makundi tofauti na kuviunganisha. Kwa mnyororo mmoja mkubwa wa kingamwili, binadamu ana takriban vipande 40 vya kundi la kwanza, 23 vya kundi la pili na 6 vya kundi la tatu. Kimoja kimoja huchaguliwa kwa nasibu, na mahali vinapoungana huongezwa au huondolewa herufi kadhaa za DNA bila mpangilio wowote. Mnyororo mdogo nao hupitia mchezo kama huo. Matokeo yake ni kwamba kila seli B hutoka na kipokezi chake, yaani kingamwili yake iliyopachikwa juu yake, ambacho huenda hakijawahi kuwepo kabla yake. Susumu Tonegawa alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kuifumbua siri hiyo.

Bahati nasibu hii ndiyo chanzo cha nguvu ya kinga, na ndiyo chanzo cha tatizo letu. Mashine inayounganisha vipande haijui lolote kuhusu mwili uliomo; haina orodha ya protini za moyo wala za figo, na haiwezi kuvikwepa vipokezi vitakavyozishika. Mwaka 2003, watafiti waliokuwa New York walizichukua seli B changa za binadamu moja moja, wakaziunda upya maabarani kingamwili ambazo kila seli ingetoa, kisha wakazipima. Kati ya asilimia 55 na 75 ya seli za hatua ya awali kabisa zilibeba vipokezi vinavyoushika mwili wenyewe, na vingi kati yake vilishika vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli. Hao waliotoa seli hizo walikuwa watu wazima wenye afya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; hapa yafaa kuongeza kwamba nguo hiyo tumeivaa sote.

Lango la kwanza limo humohumo ndani ya uboho. Seli changa ikigundua kwamba kipokezi chake kinashika kwa nguvu kitu kilichoizunguka, haiuawi papo hapo. Kwanza hupewa nafasi ya kurudia mchezo: hukata tena jeni za mnyororo wake mdogo na kuunganisha vipande vingine, kwa matumaini kwamba kipokezi kipya kitakuwa salama. Ikishindwa, hufa. Ikiwa kile inachokishika ni hafifu au kinaelea tu kwenye majimaji, huweza kuachwa hai lakini ikiwa imepoozwa, yaani inakiona kilengwa chake na isiitikie. Hali hiyo ya kupooza ilidhihirishwa mwaka 1988 na Christopher Goodnow na wenzake nchini Australia, kwa kutumia panya waliowekewa jeni ili waunde protini ya yai la kuku kana kwamba ni yao, pamoja na kingamwili dhidi yake. Seli B zao zilikuwepo, lakini zilikuwa kimya.

Uchujaji huu haukomi hadi seli inapokomaa, na katika utafiti uleule wa mwaka 2003 idadi ya seli zinazoushika mwili ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 20 kati ya seli zilizokomaa. Asilimia 20 si kidogo. Kwa nini mwili usizifyeke zote? Jibu linaloniridhisha zaidi ni kwamba kuchuja kuna gharama yake: kingamwili inayomfaa mdudu fulani mara nyingi hufanana kidogo na ile inayoushika mwili, na kinga ambayo ingefuta kila kinachotia shaka ingebaki na mapengo ambamo wadudu wangejificha. Isitoshe, baadhi ya kingamwili hafifu zinazoushika mwili zina kazi ya halali ya kusaidia kuzoa mabaki ya seli zilizokufa. Kwa hiyo mwili huvumilia kuishi na seli hizi, lakini huzinyima kile zinachokihitaji ili ziamke.

Kinachohitajika kwa kawaida ni msaada wa seli T, chembe nyeupe za damu za aina nyingine. Seli B iliyokishika kilengwa chake hukimeza, hukikatakata, na kuvitandaza vipande vyake juu ya ngozi yake ili seli T ivikague. Seli T inayokitambua mojawapo ya vipande hivyo huipa seli B idhini ya kuongezeka na kuunda kingamwili kwa wingi. Bila idhini hiyo, seli B hunyauka. Seli T zenyewe hupitia shule kali zaidi ndani ya tezi ya thaimasi iliyo kifuani, ambako jeni iitwayo AIRE huziwezesha seli za tezi hiyo kuonyesha sampuli za protini za viungo vya mbali, ili seli T zinazozishika kwa nguvu ziondolewe. Watu wachache waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu hushambuliwa tezi kadhaa kwa pamoja. Zinazoponyoka thaimasi hukutana na seli T nyingine ambazo kazi yake ni kuzituliza, na ugunduzi wa kundi hili la watulizaji ndio uliowapatia Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025.

Mfumo huu unaonekana kuwa imara, kwa kuwa hata seli B korofi ikisalia, itamkosa mshirika. Lakini una ufa mmoja. Seli B na seli T si lazima zitambue kitu kimoja. Inatosha vitu hivyo viwili vimezwe pamoja. Ugonjwa wa siliaki, ambamo kula gluteni huudhuru utumbo, unalionyesha jambo hili kwa uwazi ambao sijauona katika ugonjwa mwingine. Wagonjwa wa siliaki wana seli T zinazoitikia gluteni, protini ya ngano na shayiri, na karibu wote wana aina mojawapo kati ya mbili za molekuli za HLA, zile vibao ambavyo seli hutumia kutandaza vipande vya protini. Hata hivyo, kingamwili inayopimwa ili kuutambua ugonjwa huo hailengi gluteni, bali hulenga kimeng'enya cha mwili kiitwacho transglutaminesi. Inakuwaje seli T ya gluteni izae kingamwili dhidi ya kimeng'enya? Kimeng'enya hicho hujishikiza kwenye vipande vya gluteni ndani ya utumbo. Seli B inayokilenga kimeng'enya humeza vyote viwili, kisha hutandaza juu yake kipande cha gluteni. Seli T hukitambua, na bila kujua imsaidiaye ni nani, hutoa idhini. Maelezo haya yanalingana na jambo ambalo madaktari huliona kila mara: mgonjwa akiiacha gluteni kabisa, kingamwili dhidi ya kimeng'enya chake mwenyewe hupungua na mara nyingi hutoweka, ingawa kimeng'enya chenyewe kimebaki palepale.

Lupasi inapitia ufa wa namna nyingine. Vilengwa vyake vikuu ni DNA, RNA na protini zinazoambatana nazo, vitu ambavyo kwa kawaida hukaa ndani ya seli na havionwi na kingamwili. Huonekana seli zinapokufa, na kila siku mabilioni ya seli hufa kwa utaratibu na kuzolewa kabla hazijapasuka. Uzoaji ukizorota, mabaki hubaki wazi. Ndiyo sababu watu wachache waliozaliwa bila protini iitwayo C1q, ambayo ni miongoni mwa wazoaji hao, wengi wao sana hupata lupasi. Seli B inayoshika mabaki yenye RNA huyaingiza ndani yake, na huko ndani yanakutana na kihisishi kiitwacho TLR7, ambacho kimewekwa ili kunusa RNA ya virusi. Kihisishi hicho hakitofautishi vyema RNA ya kirusi na ya mwenyeji wake. Kinachoulinda mwili ni kwamba RNA yetu kwa kawaida haifiki mahali kilipo. Safari hii imeletwa na kipokezi cha seli B yenyewe, na kengele inalia. Hapo seli B hupata msukumo ambao hauitegemei sana seli T.

Mwaka 2022 ilielezwa habari ya msichana aliyeugua lupasi tangu utotoni, na aliyekutwa na badiliko la herufi moja katika jeni ya TLR7 lililokifanya kihisishi hicho kuwa chepesi kupita kiasi. Panya walipowekewa badiliko hilohilo, nao walipata ugonjwa unaofanana na lupasi. Wagonjwa wengi hawana badiliko hilo. Lakini jeni ya TLR7 imo katika kromosomu ya X, na katika baadhi ya seli za mwanamke nakala yake ya pili haizimwi ipasavyo kama ilivyotarajiwa, jambo ambalo huenda ni sehemu ya sababu kwamba takriban tisa kati ya kila wagonjwa kumi wa lupasi ni wanawake. Nasema sehemu, kwa maana homoni na jeni nyingine nazo zina sauti.

Seli B iliyoamshwa haibaki kama ilivyozaliwa. Huingia katika vituo vidogo ndani ya mitoki na wengu, ambavyo hapa nitaviita vituo vya kunoa, na humo jeni za kingamwili yake hubadilishwa makusudi na kimeng'enya maalumu, kwa kasi inayokaribia mara milioni moja ya kasi ya mabadiliko ya kawaida ya DNA. Seli ambazo mabadiliko yamezifanya zishike kilengwa kwa nguvu zaidi ndizo huchaguliwa, na nyingine hufa. Hivi ndivyo chanjo inavyotuachia kingamwili kali kuliko zile za siku za mwanzo. Lakini mabadiliko haya nayo ni ya nasibu, na seli iliyoingia ikiwa haina hatia huweza kutoka ikiwa inaushika mwili. Watafiti walipozichukua baadhi ya kingamwili za wagonjwa wa lupasi zinazoshika DNA na kuyafuta mabadiliko yake, wakairudisha kila moja katika umbo ilikoanzia, kadhaa zilipoteza kabisa uwezo wa kuishika DNA. Hazikuwa zimeponyoka uboho. Zilinolewa hivyo baadaye. Kinyume chake nacho hutokea: baadhi ya seli zilizopoozwa huingia vituoni na mabadiliko yakaziondolea tabia ya kuushika mwili, zikageuka kuwa za manufaa.

Watu wengi wamesikia kwamba maambukizi ndiyo huanzisha yote haya, na kuna magonjwa mawili yanayoiunga mkono hoja hiyo kwa nguvu. Baada ya maambukizi ya koo ya streptokoka, baadhi ya watoto hupata homa ya baridi yabisi ya moyo, kwa kuwa kingamwili dhidi ya bakteria hao hushika pia protini za moyo. Baada ya kuharisha kunakosababishwa na Campylobacter jejuni, wachache hupata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambamo kingamwili zilizolenga sukari za juu ya bakteria hushika sukari zinazofanana nazo kwenye mishipa ya fahamu, na mgonjwa hulegea viungo ndani ya siku chache. Mfanano huu ni wa kweli. Hata hivyo, unaelezea vizuri zaidi magonjwa yanayoanza ghafla kuliko yale yanayodumu miongo, na naona hutumiwa mno pale ambapo ushahidi haujatosha.

Katika baridi yabisi ya viungo, kilengwa chenyewe kimebadilika. Vimeng'enya fulani hugeuza asidi amino iitwayo arginini kuwa sitrulini katika protini za mwili, na kingamwili za wagonjwa wengi hushika protini zilizogeuzwa hivyo. Uvutaji wa sigara huchochea mgeuko huo katika mapafu, na mvutaji aliyerithi aina fulani za HLA yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuunda kingamwili hizo. Jambo la kuzingatia ni kwamba zinaanza mbali na viungo vinavyouma, na hutangulia maumivu kwa miaka.

Lupasi nayo hutanguliwa hivyo. Jeshi la Marekani huhifadhi sampuli za damu za askari wake, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 watafiti walirudi kwenye sampuli za watu 130 waliokuja kuugua lupasi baadaye. Asilimia 88 kati yao walikuwa na angalau kingamwili mojawapo dhidi ya mwili kabla ya ugonjwa kutambuliwa, wengine zaidi ya miaka tisa kabla. Hazikutokea kwa pamoja: zile za jumla zilitangulia, na zile mahususi zaidi za lupasi zikaja karibu na wakati wa dalili. Mlolongo huo hufafanuliwa na hila ileile ya kumeza pamoja. Seli T iliyokwisha kukubali kipande kimoja cha mkusanyiko wa protini na RNA inaweza kuisaidia seli B yoyote inayoshika sehemu nyingine ya mkusanyiko huo, na kila kingamwili mpya huzoa mabaki zaidi na kuyafikisha kwa seli nyingine. Duara likishaanza kuzunguka, kile kilichoanzisha huenda hakina umuhimu tena.

Haifuati kwamba kila mwenye kingamwili hizi ataugua. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1997 ulizikuta kingamwili dhidi ya kiini cha seli katika karibu theluthi moja ya watu wenye afya damu ilipochanganywa na maji mara 40, na katika asilimia 5 ilipochanganywa mara 160. Kipimo hicho kikisomwa bila dalili za mgonjwa, huogofya watu bure. Madhara hutegemea mahali kingamwili inaposhika na inachofanya ikishika. Katika miastenia huvifunga na kuviharibu vipokezi ambavyo neva hutumia kuiamrisha misuli. Katika ugonjwa wa Graves hufanya kinyume: hukibonyeza kipokezi cha tezi dundumio kama vile homoni halisi ingefanya, na tezi ikafanya kazi kupita kiasi. Katika lupasi hushikamana na vilengwa vyake na kunasa kwenye vichujio vya figo. Na kwa kuwa kingamwili za aina ya IgG huvuka kondo la nyuma, mtoto wa mama mwenye miastenia au Graves huweza kuzaliwa na dalili za ugonjwa wa mamaye, kisha akapona wiki chache au miezi michache baadaye, kadiri kingamwili alizorithi zinavyoisha. Watoto hao hurudia, bila kupenda, jaribio la Harrington.

Tiba nazo zimetufundisha. Belimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa ajili ya lupasi, hunyima seli B protini inayozirefushia maisha, na ambayo ikizidi huziacha hai hata zile ambazo zingestahili kufa. Rituksimabu huua seli B kwa kushika alama iliyo juu yake, lakini seli za plazima, zile zilizokwisha kukomaa na kuwa viwanda vya kingamwili, hazina alama hiyo, na baadhi yake huishi miaka mingi ndani ya uboho. Hiyo ni sababu mojawapo ya baadhi ya kingamwili kushuka baada ya dawa na nyingine kubaki zilivyo.

Mwaka 2022, madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walitoa matokeo ya wagonjwa watano wa lupasi sugu waliotibiwa kwa seli T zao wenyewe, zilizobadilishwa maabarani ili ziwinde seli B kila zilipo. Wote watano walipata nafuu kubwa wakaacha dawa za lupasi, na kingamwili dhidi ya DNA zikatoweka, ilhali zile zilizotokana na chanjo za zamani zilibaki kwa sehemu kubwa. Baada ya takriban miezi mitatu hadi minne, uboho wao ulianza kutoa seli B mpya kwa bahati nasibu ileile ya vipande vya jeni. Seli hizo zilikuwa changa, hazijapita katika vituo vya kunoa, na katika muda wote walipofuatiliwa ugonjwa haukuwarudia.